Nani Alilisema Kwanza

Mtu akija kwenye meza yenu akasema, "Nipe kitabu kizuri," msikimbilie kumpa kile mnachokipenda nyinyi. Muulizeni kwanza ni kitabu gani alichokiacha katikati, na kilimchosha wapi. Watu hudanganya kidogo wakiulizwa wanapenda nini, lakini kuhusu kilichowachosha husema kweli. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika ukutubi, nami nawapa bure, hasa nyinyi vijana wetu mliopata vibarua vya kiangazi maktabani mkaja kuniuliza, kwa Kiswidi, kama kazi yenyewe si ya kupanga vitabu tu. Nawajibu kwa Kiswahili. Mnaelewa, nawajua. Mnajifanya tu.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kiswidi, Gunnel, mkuu wa maktaba ya kwanza iliyoniajiri. Nilikuwa nimetoka Kondoa, Tanzania, kuja kusoma Sweden, nikabaki, na Kiswidi changu kilikuwa cha vitabuni. Nikifungua mdomo, wazee waliokuja kusoma magazeti walitulia kama wako kanisani. Wakati huo tulipiga mhuri wa tarehe kwenye kila kitabu. Sasa mtu anapitisha kitabu kwenye mashine na kuondoka bila kukutazama. Silalamiki, mhuri ule uliniumiza kifundo cha mkono. Ila ulikupa nafasi ndogo ya kumwona mtu usoni, na kazi nyingi ilifanyika hapo.

Gunnel alipenda riwaya za upelelezi. Alisema ndiyo njia ya adabu ya kuzungumza habari za kifo na watu usiowajua. Mimi sikuzijali, mpaka nilipofanya kosa. Kilikuja kitabu chenye picha ya miamba myekundu kwenye jalada, nikaona jangwa, nikaona Marekani, nikakipanga kwenye rafu ya vitabu vya safari. Baba mmoja akakiazima akienda likizo huko. Aliporudi akakiweka mezani na kuniambia, kwa ule upole wao, kwamba hakikumtajia hoteli hata moja, lakini kilimfanya aogope kulala ndani ya gari. Gunnel alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanisukumia kitabu. "Nenda nacho nyumbani. Ukirudi, uniambie kinakaa rafu gani."

Kilikuwa riwaya ya upelelezi. Jina lake nalihifadhi, maana nikilitaja mtatafuta muhtasari kwenye simu. Mwandishi ni mwanamke wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa Marekani ambao wenyewe hujiita Diné, na mpelelezi wake ni askari wa polisi ya watu wake mwenyewe, katika nchi kavu ya kusini magharibi mwa Marekani.

Kilichonishika hakikuwa mauaji. Ni jinsi askari yule alivyofanya kazi akiwa ndani ya imani za kwao, wala zisimzuie kufikiri. Kwao mtu akifa, kinachobaki nyuma yake ni kitu cha kuepukwa, na jina lake halitajwi ovyo. Akifia ndani ya nyumba yao ya asili, ile ya magogo na udongo yenye mlango unaotazama mashariki, hutobolewa ukuta wa kaskazini, maiti ikapitishwa hapo, na nyumba ikaachwa. Basi askari akikuta mtu amekufa ndani na ukuta wa kaskazini ni mzima, tayari amejua jambo: aliyekuwa naye hakuwa ndugu, au hakuwepo mtu kabisa. Mzungu aliyefuatana naye anatafuta alama za vidole. Yeye anatafuta adabu iliyovunjwa.

Na akihoji watu, hakatizi. Anajitambulisha kwa ukoo wa mama yake, kisha wa baba yake, anauliza, halafu anasubiri. Anasubiri hata mtu akinyamaza, kwa sababu huenda bado anafikiri. Nilijaribu mbinu hiyo kazini. Mswidi wa kwanza alinyamaza, nami nikanyamaza, tukatazamana mpaka akaniuliza kama naumwa. Lakini wa pili, mama aliyekuja kuulizia saa za kufunga, alisimama kidogo kisha akanieleza kwamba mumewe amelazwa na anatafuta kitu cha kumsomea. Tangu siku ile sikuacha kusubiri. Jaribuni. Ni kazi ngumu kuliko kupanga rafu nzima.

Miaka mingi ikapita. Gunnel alistaafu, mimi nikahamia maktaba ya Alby, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm, na miaka yangu ya mwisho kazini nilianzisha kikundi cha kusoma kwa Kiswahili, Jumamosi mchana. Wakaja Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo. Tatizo likawa vitabu. Vya Kiswahili vilikuwa vichache na tulivimaliza. Nikaamua kusoma cha Kiswidi huku nikisema Kiswahili papo hapo, na cha kwanza kunijia akilini ni kile cha miamba myekundu.

Kusoma namna ile kuna ufundi wake. Isome sura nyumbani mpaka usiwe mtumwa wa sentensi zake. Usiigize sauti za watu. Msikilizaji anazo sauti zake kichwani, na akisikia yako anatoka kwenye hadithi. Ukifika mahali pa kukatia, katia kabla jambo halijaelezwa, si baada. Na ukikosa neno, kiri umekosa na uwaulize, wataamka hata waliosinzia.

Neno lililonitoa jasho ni la yule mtaalamu wao wa tiba, anayeimba nyimbo ndefu kwa siku kadhaa ili mgonjwa arudi katika hali ya sawa na dunia yake. Nilisema "mganga". Kariuki, Mkenya dereva wa basi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, akainua mkono.

"Madam, mganga ni yule wa kukuambia jirani ndiye amekuroga?"

"Huyu hasemi hivyo. Huyu anaimba."

"Basi usimwite mganga. Mwite mwimbaji."

Tukakubaliana, "mwimbaji wa tiba". Baadaye niliona jinsi neno hilo dogo lilivyotuokoa: kwetu sisi, mganga angekuwa mtu wa kuonyesha nani wa kulaumiwa.

Katika kikundi alikuwemo Mama Mapendo. Alitoka Uvira, Kongo, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, ambaye hakuvua koti hata ndani ya joto. Alifika wa kwanza kila mara na kukaa karibu na dirisha. Tulijua ana mwana, Amani, anayeishi Jakobsberg, upande wa pili wa jiji, na mkewe Neema. Tulijua pia kwamba yeye amepanga chumba Alby kwa mwanamke wa kwao, mbali na mwanawe. Hatukumuuliza kwa nini.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika bonde moja kondoo wanaanza kufa, kisha kijana mmoja anaugua ugonjwa usioeleweka. Watu wanaanza kunong'ona juu ya mzee mmoja mfugaji anayeishi peke yake. Siku moja mzee anakutwa amepigwa risasi karibu na kisima chake. Mwandishi hasemi mengi juu ya kile mzee alichosingiziwa, kwa sababu kwao mambo hayo hayazungumzwi kwa kufurahishana. Lakini neno lenyewe halikwepeki, na nilipofika hapo nililisema. Mchawi.

"Sasa ndio imeanza kuwa tamu!" Kariuki akasema, akisugua mikono.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa kanisa analosali Amani alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Wengine walitazama chini. Mimi sikuelewa, mpaka nilipoona wote wanajitahidi kutotazama upande wa dirisha.

"Kwetu tunasema mulozi," akasema Mama Mapendo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Endelea, Mama Salama."

"Tunaweza kusoma kitu kingine, mama."

"Endelea. Nataka kujua ule muzee atafanya nini."

"Amekwisha kufa, mama."

"Basi nataka kujua bale benye kubakia batafanya nini."

Nikaendelea. Nakiri, niliruka aya nzima.

Wenzetu walipoondoka alibaki kunisaidia kukusanya vikombe, na hapo ndipo aliponieleza. Alikuja Sweden kuishi kwa mwanawe. Hakukaa sana, mimba ya Neema ikatoka. Baada ya muda ikatoka ya pili. Watu wakaanza kusema. Kanisani wanawake walisogeza watoto wao akipita. Mtu aliyekuwa akimpikia ugali aliacha kumpigia simu. Neema akawa hali chakula alichokigusa mama mkwe wake.

"Mutoto wangu hakunitukana," alisema. "Hapana. Aliniambia tu, mama, tupumuzike kidogo. Njo alibeba valizi yangu ya nguo mupaka ku treni. Alininunulia hata kahawa."

Alisuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Mimi nilizaa batoto saba, nikazika bane," akasema. "Unafikiri mutu kama mimi anaweza kutamania mwingine azike?"

Nikapokea kikombe, nikakifuta. Vitabu havikupi jibu la hilo, msidanganyane.

Jumamosi iliyofuata Kariuki alifika mapema kuliko kawaida yake. Alisimama mbele ya Mama Mapendo akiwa ameshika kofia ya kazi mkononi. "Mum, pole. Nilifanyia mzaha kitu sikuijua." Akamjibu, "Kaa chini, baba." Kariuki akavuta kiti chake kando ya cha mama, na tangu siku ile akawa anakaa hapo.

Tukafika kwenye sura ambayo kwangu ndiyo kitabu chenyewe. Askari anapita nyumba moja baada ya nyingine bondeni. Haulizi nani amemuua mzee. Anauliza, "Lile neno juu yake, ulilisikia kwa nani?" Kila mmoja anasema watu ndio waliosema. Naye anasubiri, mpaka mtu anapotaja jina, au anaelekeza kwa midomo upande wa nyumba nyingine, maana kwao kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu. Anafuata neno lile kama wengine wanavyofuata nyayo, akirudi nyuma, hadi anafika kwa mtu asiyeweza kuelekeza kwa mwingine yeyote. Huyo alikitaka kisima cha mzee. Ndiye aliyelisema kwanza, na ndiye aliyefyatua bunduki wakati kila mtu alikuwa ameshazoea wazo kwamba mzee yule hastahili kuishi.

Mama Mapendo aliniomba niirudie sura ile. Nikairudia yote. Kisha akauliza, "Hiki kitabu kiko mu Kiswidi?"

"Ndicho hiki, mama."

"Amani anasoma Kiswidi."

Akakiazima kwa kadi yake. Amani alikuwa akija kumwona mara moja kwa mwezi, kumletea dawa zake za presha. Akampa, akamwambia asome tu, hakuongeza neno. Mimi nikaagiza nakala nyingine kutoka maktaba ya Rinkeby ili kikundi kiendelee. Tarehe ya kurudisha ikafika, ikapita. Nikamuuliza mama, akasema, "Bado hayamaliza." Nikakiongezea muda. Nikakiongezea tena, mpaka kompyuta ikagoma, nikaenda kuibembeleza kwa namna ambayo sitawafundisha.

Alikuja siku ya kazi, mchana, wakati maktaba iko tupu. Mwanamume mkubwa, nguo za ujenzi zenye vumbi la saruji, ameshika kitabu kwa mikono miwili. Nilimjua kwa macho ya mama yake.

"Jambo, mama. Nimekuja kurudisha."

"Karibu, baba."

Alikiweka mezani lakini hakukiachia. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Niliyameza. Nikakaa.

"Mimi niliuliza," akasema hatimaye.

"Uliuliza nini?"

"Kama ule polisi. Nilianza na Neema, nikamwuliza, nani alikuambia? Akasema dada fulani wa kanisa. Nikaenda kwa ule dada. Akasema alisikia kwa bwana yake. Bwana yake tunafanya kazi pamoja, jengo moja. Nikamwuliza wakati wa kahawa. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumupiga." Alivuta pumzi. "Aliniangalia sana. Akaniambia, Amani, si weye uliniambia?"

Vidole vyake vilikuwa vimekwaruza jalada.

"Ile mara ya kwanza, tulitoka hospitali, kesho yake nikaenda kazini. Akaniuliza mambo ya nyumbani. Nikasema, tangu mama afike hakuna kitu kinaenda muzuri. Ni hilo tu. Nilikuwa nimechoka. Nikasahau hata kama nilisema. Halafu likazunguka, likarudi kwangu kwa midomo ya watu wengine, tayari limekuwa kubwa. Nami nikawaza, kumbe hata wengine wameona."

Alilia pale pale, amesimama, kama wanavyolia watu wasio na mazoea, bila kujifuta. Mswidi mmoja aliyekuwa akisoma gazeti alikunja gazeti lake taratibu akaenda kukaa upande wa watoto.

"Jumamosi mchana tunakutana," nilimwambia. "Mama yako huwa hapo, karibu na dirisha."

"Niseme mbele ya watu?"

"Ulipolisema palikuwa na mtu."

Alikuja. Ilikuwa siku ya sura ya mwisho, ambamo mwimbaji wa tiba anaitwa kumwimbia yule kijana mgonjwa, na ndugu wanafika kutoka mbali kukaa naye, hata wale waliokuwa wamekosana, kwa sababu tiba ile haifanyiki kwa mtu aliyeachwa peke yake. Mpelelezi ameshamaliza kazi yake. Mwuaji yuko rumande. Lakini kitabu hakiishi pale alipokamatwa mtu. Bonde zima bado linaumwa, na mwandishi anakaa nalo.

Nilipofunga kitabu Amani alisimama. Alieleza yote, kwa Kiswahili cha kwao, kuanzia hospitali hadi valizi. Hakujitetea. Mama Mapendo hakumtazama. Alitazama nje, kwenye uwanja wenye theluji ya kwanza, mpaka mwanawe akamaliza.

"Neema anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Alisema nini?"

"Alilia."

"Basi kaa."

Amani akakaa. Mama akageuka, akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi shingoni, kana kwamba ni mtoto anayekwenda shule.

"Mimi sitarudi kuishi kwako," akamwambia. "Nitakuya kutembea, Neema akitaka. Lakini weye, kwanza enda kwa ule bwana. Enda kwa ule dada. Enda kwa bale bote, moja moja, ubaambie ile umetuambia hapa. Lile neno lilitembea na miguu. Na hili litembee."

Alikwenda. Ilimchukua majira yote ya baridi. Sitawapambia: baadhi walimwamini, baadhi walimpa mkono na kuendelea kuwasogeza watoto wao, na mmoja alisema bila shaka mama ndiye aliyemfunga akili mwanawe hata akasema hayo. Mwanamke aliyechukua mkoba wake akatoka hakurudi kwenye kikundi. Katika riwaya mpelelezi humfikia mtu wa mwanzo, na hapo njia inaisha. Huku kwetu neno lilikuwa limeshavuka mpaka Uvira kwa simu, na hakuna aliyejua ni milango mingapi bado iko mbele yake.

Kwa hiyo msije mkasimama mbele ya watu mkasema kitabu kiliponya familia. Nimewasikia wakuu wa maktaba wakisema mambo kama hayo kwenye mikutano, na huwa natafuta mlango. Kitabu kilimpa mtu mmoja swali ambalo hakuwa amelifikiria. Kutembea alitembea mwenyewe. Na lilimfaa kwa sababu mwandishi aliwaandika watu wake kutoka ndani, wenye hofu zao na akili zao pamoja. Ukimwandika mtu anayeogopa kama mpumbavu, anayeogopa hawezi kujiona humo. Kumbukeni hilo mnapochagua vitabu vya kununua. Nami, mkitaka kujua, nilimjibu Gunnel nilichokiona: rafu ya upelelezi, lakini kisogezwe ukingoni, karibu na mahali watu wanapopita wakielekea kwingine.

Majira ya baridi yaliyofuata, ya mwisho kwangu kazini, Neema alikuwa mjamzito tena. Mama Mapendo, aliyekuwa ameanza kwenda kuwatembelea, aliacha kabisa kwenda Jakobsberg. Hakuna aliyemkataza. Alisema hataki kuwa karibu, ili likitokea la kutokea asiwepo mtu wa kunyooshewa kidole, na Neema asipate taabu ya kumfikiria. Jumamosi alikaa nasi, alisikiliza, alikunywa chai. Tulikuwa tunasoma kitabu kingine, cha kuchekesha, nilichokichagua makusudi, na alicheka mahali pa kucheka.

Jumamosi moja hakufika. Nilipanga viti, nikapanga vikombe. Kariuki aliweka kofia yake kwenye kiti cha dirishani ili asikae mtu. Simu yangu ikalia, nikaona jina lake, nikatoka nayo hadi kwenye kibaraza.

"Mama Salama," akasema. "Leo sitakuya. Mimba ya Neema imetoka."

"Pole, mama. Pole sana."

"Ilitoka usiku. Amani iko naye."

Nyuma yake kulikuwa na kelele, sikuweza kujua yuko wapi. Nilimwuliza kama nimfuate, kama yuko peke yake chumbani.

"Hapana, sikia," akasema. "Neema amenipigia simu. Hakumutuma Amani, alinipigia yeye mwenyewe, asubui hii. Akasema, mama, kuya ulale hapa kwangu."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nini? Niko ku treni."

Nikasikia sauti ya treni ikitangaza Jakobsberg, na Mama Mapendo akimwomba mtu, kwa Kiswidi chake cha maneno machache, amsaidie kushusha valizi.